Dar hadi Mbeya kwa gari na watoto wadogo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila Novemba ikiingia, maswali huwa yale yale. Mama ana mtoto wa mwaka mmoja na mwingine wa miaka mitatu, mume amepata likizo, bibi yuko Tukuyu na mjukuu hajamtia machoni. Tutoke saa ngapi? Tule wapi? Mtoto akitapika? Tunaweza kufika siku moja? Nimeyajibu kwa simu mara nyingi, na kila nikikata simu ndipo nakumbuka nililosahau. Hapa nayaweka yote pamoja. Sisi tuna watoto watatu, na barabara hii tunaipita kila mwaka.

Hilo swali la mwisho nalijibu kwanza, maana ndilo linalobeba mengine yote. Usiende siku moja. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830. Safari yetu ya kwanza tulitaka kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Tulifika saa 5 usiku, mkubwa hajala tangu mchana, mdogo kababuka mapaja kwa pampasi iliyokaa muda mrefu, na baba watoto alikuwa amesinzia mara mbili kwenye usukani baada ya kupita Makambako. Kule kusinzia kulinitia hofu ambayo mpaka leo ninayo. Tangu siku hiyo tunalala Iringa.

Mwongozo huu ni wa wenye gari binafsi. Ukisafiri kwa basi, hatua ya chakula na maelezo ya kutapika, homa na kuharisha yatakufaa vile vile.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Wiki moja kabla, gari lipelekwe kwa fundi. Aangalie breki, matairi pamoja na spea, rejeta, na mfumo wa kupoza hewa. Kupanda Mlima Kitonga, kabla ya Iringa, kunachemsha injini, na kuteremka wakati wa kurudi kunaunguza breki. Triango na mtungi wa kuzimia moto viwepo na viwe vizima.

Kiti cha gari cha kila mtoto. Hapa sina lugha laini. Mtoto kumpakata kiti cha mbele ni hatari kuliko jambo lolote lingine utakalofanya safarini. Gari likifunga breki kwa ghafla, mikono ya mama haiwezi kumshika mtoto, hata awe na nguvu namna gani, na mama mwenyewe atamlalia kwa uzito wake wote. Mtoto mchanga akae kiti cha nyuma, kwenye kiti chake kinachotazama nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Aendelee kukaa hivyo mpaka apite miaka miwili kama kiti kinaruhusu kimo na uzito wake. Kiti kinachotazama nyuma kisifungwe kamwe mbele kwenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana ukifumuka unaweza kumuua. Vya mtumba vinapatikana Dar kwa bei nafuu. Kabla ya kulipa, kagua kama plastiki ina nyufa, mikanda haijachanika, lachi inashika, na tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Mara nyingi imechapwa chini au mgongoni mwa kiti.

Dawa: pakiti nne za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), paracetamol ya maji ya watoto na kijiko au bomba lake la kupimia, kipimajoto, plasta, na mafuta ya kukinga mapaja yasibabuke. Dozi ya paracetamol inakwenda kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo mpime kliniki kabla ya safari, umuulize mfamasia, kisha uandike kiasi kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito. Saa 8 usiku ukiwa na mtoto mwenye homa, hesabu hazifanyiki vizuri. Aspirini usimpe mtoto.

Nyaraka: kadi ya kliniki ya kila mtoto, kadi ya bima kama mnayo, nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Poti. Hata kama mtoto ameshaacha kuitumia nyumbani, ibebe.

Ndoo mbili ndogo zenye mfuniko unaobana, zile za aiskrimu za lita mbili zinafaa sana. Hizi ni za matapishi. Zamani tulitumia mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, na ukweli ni kwamba ndoo ni bora zaidi. Haivuji, mtoto anaishika mwenyewe, na unaifunika mpaka mfike penye maji.

Kanga nne au tano. Moja ya kufunika dirishani kuzuia jua, moja ya kunyonyeshea, moja ya kutandika chini mnapopumzika, zilizobaki za ajali.

Lita kumi za maji ya kunawia, mbali na ya kunywa. Sabuni. Chenji za kulipia vyoo.

HATUA ZA SAFARI

1. Chagua siku, kisha chagua saa.

Epuka kutoka tarehe 21 hadi 24 Desemba ukiweza. Siku hizo kila mtu yuko barabarani, mabasi yanakimbizana, na foleni ya kutoka mjini inaanza mapema. Katikati ya wiki ni afadhali kuliko Ijumaa.

Saa ya kutoka ni 10 alfajiri. Ukitoka saa hiyo, Kimara na Kibaha unavipita kabla havijafunga, na watoto wanaendelea na usingizi wao mpaka Chalinze au zaidi. Dereva alale saa 2 usiku, na mizigo iwe ndani ya gari tangu jioni. Kosa ninaloliona kila mwaka ni baba kupakia gari mpaka saa 6 usiku, kisha kuamka saa 9 kuendesha.

Wako wanaosema bora kusafiri usiku kucha kwa kuwa watoto wanalala. Sikubaliani nao hata kidogo. Watoto watalala, lakini malori yameegeshwa pembeni bila taa, na dereva anapigana na usingizi wake peke yake.

Kama kuna watu wazima zaidi ya wawili, ipo njia nyingine. Tangu 2024 treni ya SGR inabeba abiria Dar hadi Morogoro. Mama na watoto wanaweza kupanda treni, gari likawapokea Morogoro. Watoto wanapenda sana, na kile kipande cha foleni kinamhusu dereva tu.

2. Gawa mizigo katika mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni wa garini, unakaa miguuni kwa mtu mzima aliye nyuma: pampasi sita, tishu za majimaji, nguo pea mbili za kila mtoto, sweta, ndoo za matapishi, dawa, vitafunwa. Mfuko wa pili ni wa Iringa: nguo za kulalia, nguo za kesho, mswaki, chandarua. Mfuko wa tatu ni wa nyumbani kwa bibi, haufunguliwi njiani.

Sababu ya kugawa hivi utaielewa utakaposimama pembeni ya barabara, malori yanapita, mtoto kajichafua mpaka mgongoni, na nguo zake ziko chini ya gunia la mchele la zawadi.

Nguo ziwe za tabaka. Mnatoka Dar na joto, bonde la Ruaha lina joto kali zaidi, halafu mnapanda Iringa ambako mko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyevaa singlendi Mikumi atatetemeka Mafinga. Juni na Julai ongeza soksi, kofia na blanketi.

3. Pika chakula cha siku ya kwanza.

Mayai ya kuchemsha, chapati kavu, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, mkate. Vitu vikavu, visivyo na mafuta mengi, vinavyoshikika kwa mkono mmoja. Maziwa mengi na chai nzito ya maziwa alfajiri viache, hivyo ndivyo vinavyorudi kwanza. Mtoto akiamka mpe mkate mkavu kidogo na maji.

Karanga nzima, pipi ngumu, bisi na vipande vikubwa vya nyama usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano gari likiwa linatembea. Akipaliwa kwenye tuta, wewe uko kwenye mkanda na hujui hata kimemkwama nini.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo: beba maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai, unga uupime mkavu kwenye vichupa, uchanganye pale anapohitaji. Maziwa yaliyochanganywa yakikaa saa mbili bila ubaridi yamwagwe. Anayenyonya anyonyeshwe gari likiwa limesimama. Najua anavyolia na najua inavyouma kusikia, lakini usimtoe kwenye kiti gari likiwa mwendo. Mwambie dereva asimame. Dakika kumi na tano hazitabadilisha siku yenu.

Ongeza chakula cha akiba cha mlo mmoja zaidi ya mliokusudia, na maji. Lori moja likikwama Kitonga mnaweza kukaa hapo saa kadhaa.

4. Panga nani anakaa wapi.

Mtu mzima mmoja akae nyuma na watoto. Mke na mume kukaa mbele wote wawili kunapendeza, lakini mama atakuwa anageuka kila dakika tano na dereva atageuka naye. Anayetapika akae pale anapoona barabara ya mbele, katikati kama kuna mkanda unaofaa kiti chake, maana macho yakiona kona inakuja tumbo linajiandaa. Milango ya nyuma ifungwe kwa ile lachi ya watoto.

5. Dar hadi Morogoro: waache walale.

Hii ni kama kilomita 190. Usiwaamshe kwa sababu yoyote, wala kuwaonyesha kitu. Chalinze kukishapambazuka simameni dakika ishirini: choo, pampasi, kunawa uso, yai. Kabla ya kulitoa yai, tega: Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango. Mkubwa wetu aliwahi kulijibu kabla sijamaliza, kwa kuwa aliliona mkononi mwangu. Chalinze pia utakuta mananasi, na hapo ndipo pa kutega lile la kuku wangu katagia miibani. Nunua moja, limenywe Iringa. Kulimenya garini ni kuita inzi na nguo za kunata.

Zingatia alama za kilomita 50 kwenye vijiji. Mbali na tochi za trafiki, matuta yake hayana huruma, na tuta likipitwa kwa kasi mtoto anaamka analia.

Morogoro jazeni mafuta.

6. Mikumi: kipande wanachokisubiri.

Barabara kuu inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kuipita kwenye barabara hiyo hakulipiwi kiingilio. Hakikisha mnapita asubuhi, watoto wameamka na wameshakula. Wataona swala, nyani, pundamilia, mara nyingi twiga, na mkijaliwa tembo. Mpe kila mtoto mnyama wake wa kutafuta. Wa miaka mitatu mpe swala, kwa sababu swala hawakosekani. Mkubwa mpe tembo.

Hapa makosa ni mengi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Usisimame kumshusha mtoto akojoe. Wapelekeni choo kabla ya kuingia hifadhini, na poti itumike ndani ya gari kukizidi. Usirushe chakula wala taka dirishani. Mabango ya faini yapo, lakini zaidi ya faini, nyani waliozoea kurushiwa ndizi wanakaa barabarani na kugongwa. Vioo vifungwe mkikaribia nyani, mtoto mwenye chapati mkononi anaweza kuporwa. Mwendo ufuate alama na matuta yaliyowekwa kwa ajili ya wanyama. Twiga akivuka, subiri, kwa kuwa nyuma yake karibu kila mara yupo mwingine.

Mkitoka hifadhini mnaingia mji wa Mikumi. Hapa ndipo pa mlo mkubwa wa siku na mapumziko ya saa nzima. Watandikie kanga, wakimbie, waruke, wachafuke. Mtoto anayeshinda amekaa mkahawani akiambiwa tulia hajapumzika.

7. Ruaha na Kitonga: kipande kigumu.

Baada ya Mikumi barabara inashuka bonde la Mto Ruaha Mkuu, na mibuyu inaanza. Ni mingi mno. Kuhesabu mibuyu kunawashika watoto muda mrefu kuliko katuni yoyote. Mmoja ahesabu kulia, mwingine kushoto. Joto ni kali, wape maji kidogo kidogo kila mara. Jua likiwa upande wa mtoto, banisha kanga kwenye kioo cha nyuma cha pembeni, kile ambacho dereva hakihitaji.

Ruaha Mbuyuni utaona vitunguu vyekundu vimepangwa barabarani. Simameni hapo, lakini msile mlo. Kipande cha mkate mkavu kinatosha. Zimeni simu na tableti zote, wavalisheni watoto nguo zisizobana, ndoo za matapishi ziwe mkononi. Mbele yenu ni Mlima Kitonga.

Kitonga ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Fungueni vioo kidogo hewa iingie. Watoto watazame mbele, wala wasiambiwe watazame bondeni hata kama mandhari ni mazuri namna gani. Masikio yao yataziba kwa sababu ya kupanda haraka, na mchanga ataanza kulia bila sababu mnayoiona. Mpe chuchu bandia au chupa anyonye akiwa kwenye kiti chake, wakubwa wanywe maji kwa mafunda madogo au wapige miayo. Kumeza ndiko kunakofungua masikio.

Kwa dereva neno ni moja: kaa nyuma ya lori. Hata likikaa mbele yako mlima mzima. Kupitiliza kwenye kona za Kitonga kumeshaacha misiba mingi.

Juu kabisa hewa inabadilika, unaisikia usoni. Wavalisheni sweta. Ilula mtakuta nyanya za kila ukubwa, na baada ya hapo Iringa iko karibu.

8. Laleni Iringa.

Mkitoka Dar saa 10 alfajiri, kwa mwendo wa watoto mnafika saa 8 au saa 9 mchana, baada ya kilomita kama 500. Wengi wakiona jua bado liko juu hupata tamaa: tuendelee mpaka Makambako, tumepata muda. Usiendelee. Huo muda uliobaki ni wa watoto, wakimbie uwanjani, waoge maji ya moto, wale ugali au wali wa kawaida mezani, walale saa 1 usiku kama nyumbani.

Weka nafasi ya chumba siku kadhaa kabla, hasa Desemba, na uulize mambo matatu kwa simu: maji ya moto yapo, gari linalala ndani ya uzio, na kitanda cha tatu au godoro la ziada linapatikana. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo, na mji wenyewe uko juu mlimani. Chandarua chako kifunge hata ukiambiwa Iringa hakuna mbu. Usiku baridi inaingia, watoto walale na soksi.

9. Siku ya pili: Iringa hadi Mbeya.

Zimebaki kama kilomita 330. Tokeni saa 2 asubuhi, wamekunywa uji. Leo hakuna haja ya kuamsha mtu usiku.

Kama mna watoto wa miaka mitano na kuendelea, kilomita kama 20 baada ya Iringa, upande huo huo wa kwenda Mbeya, kuna Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko. Kushuka mpaka kwenye nguzo kunahitaji miguu yenye nguvu, kwa hiyo mwenye wachanga apite tu. Mkubwa wetu alikaa kimya karibu saa nzima baada ya kuambiwa kwamba lile jiwe alilolitazama liliwahi kuwa kisu cha mtu.

Mafinga kuna misitu ya misonobari ya Sao Hill, na asubuhi kunaweza kuwa na ukungu. Washa taa, punguza mwendo. Makambako ni njia panda ya kwenda Njombe na Songea, hapo choo na chai ya moto. Kutoka Makambako barabara ni rahisi na dereva anaanza kuchoka bila kujua. Badilishaneni usukani hapa kama wote mnaendesha. Igawa, Chimala, Igurusi: upande mmoja ni tambarare za mpunga za Usangu, upande wa pili safu ya milima. Hapa ndipo niliporuhusu katuni mwaka jana, zile zilizopakuliwa kwenye simu tangu Dar, nusu saa kisha kupumzika.

Anayekwenda Tukuyu anakata kushoto Uyole kabla ya kufika Mbeya mjini. Asidhani amefika. Bado ana saa nzima na ushee ya kona za milima ya Uporoto, baridi na mara nyingi mvua. Ndoo za matapishi zitoke tena.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Mtoto anatapika. Simameni mahali salama nje kabisa ya barabara, triango ziwekwe, mtoto ashushwe upande wa porini, mbali na magari. Msafishe, mvalishe, mwache apumue dakika kumi. Usimpe chakula mara moja, na maji asinywe kwa pupa. Mpe ORS kijiko kimoja kimoja kila dakika chache. Soma pakiti inasema lita moja au nusu lita, uchanganye kwa maji safi na salama, na ikipita siku moja umwage. Dawa za kuzuia kichefuchefu usimpe mtoto kwa kuazimana na jirani. Muulize daktari kabla ya safari, nyingine hazifai watoto wadogo kabisa.

Mtoto hataki kukaa kwenye kiti chake. Mara nyingi ni kwa sababu amekiona kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari. Kiti kiwekwe sebuleni wiki mbili kabla, ale humo, acheze humo, kisha mzunguke nacho mjini mara kadhaa. Kama mmeshaondoka na analia, simameni, mbembeleze nje ya gari, mrudishe. Mkimtoa mara moja gari likitembea atakuwa ameshinda safari nzima.

Analia na hujui kwa nini. Anza na pampasi, kisha joto (pitisha mkono mgongoni kwake, kama umelowa jasho mvue tabaka), kisha mikanda ya kiti kama inamkata, kisha masikio, kisha njaa. Kwa watoto wangu jibu limekuwa joto mara nyingi kuliko njaa.

Homa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa anapelekwa hospitali moja kwa moja, bila kusubiri mfike. Vivyo hivyo mtoto wa umri wowote aliyelegea, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au aliyepata degedege. Andika hospitali hizi kwa mpangilio wa njia: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Morogoro, St. Kizito mjini Mikumi, hospitali ya Ilula, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Iringa, hospitali ya Mafinga, Chimala Mission, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Homa ikitokea siku au wiki baada ya kufika, mwambie mhudumu kwamba mtoto ametoka Dar, apimwe malaria.

Kuharisha. ORS baada ya kila choo, anayenyonya aendelee kunyonya. Machozi hayatoki, mdomo mkavu, au amepitisha saa sita bila kukojoa: hospitali iliyo karibu.

Gari limeharibika. Wote watoke, wakae mbali na barabara, nyuma ya gari kwa umbali na pembeni, isipokuwa ndani ya hifadhi ambako mnabaki ndani, vioo wazi kidogo. Namba ya dharura ni 112. Na mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika tano za kununua vitunguu, hata akiwa amelala. Kwenye jua la Ruaha gari linakuwa tanuri kwa muda mfupi mno.

Foleni imesimama Kitonga. Zima injini, weka breki ya mkono, gawa chakula cha akiba, hadithi zianze. Ukiona wengine wanapitiliza kujaza upande wa pili, usiwafuate. Wao ndio wanaofanya foleni ichukue saa nne badala ya moja.

Wamegombana nyuma. Mtu mzima ahamie katikati yao.

Mmefika, na mtoto hataki kwenda kwa bibi yake. Amechoka, na nyuso ni mpya. Bibi asimlazimishe kumbeba. Ale, aoge, alale, na kesho asubuhi atamfuata mwenyewe kuku wakifunguliwa.

Safari ya kurudi mipango ni ile ile, ila Kitonga mtaishuka. Dereva ashuke kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki njia nzima, na kama mtasikia harufu ya kuungua, simameni penye nafasi mpaka ipoe.